"Mtoto anayehitaji matunzo na hifadhi": maana yake kisheria Zanzibar, na anachopaswa kujua mwanasheria anayebeba faili lake

Katika mazungumzo ya kawaida, mtoto anayehitaji matunzo ni kila mtoto mwenye shida: yatima, mtoto wa masikini, mtoto asiyekwenda skuli. Katika sheria neno hili ni jembamba zaidi na ni zito zaidi. Likishathibitika mbele ya hakimu, serikali inapata ruhusa ya kuingia katika nyumba ya watu na kuamua mtoto atalala wapi, atalelewa na nani na kwa masharti gani. Ndiyo maana halitamkwi kwa huruma peke yake. Lazima lithibitishwe.

Chimbuko lake ni Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2011, ambayo inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kuna kosa hapa linalojirudia, hasa kwa wanaotafuta sheria kwenye simu: wanaibuka na Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, Nam. 21 ya 2009, na kunukuu vifungu vyake. Mambo haya hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano, na sheria ile haitumiki Unguja wala Pemba. Ombi lililojengwa juu ya vifungu vya Bara linaweza kukwama siku ya kwanza tu, na mtoto akabaki pale pale alipo huku karatasi zikirudi kuandikwa upya.

Kwa ujumla sheria inatazama mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni hali ya mtoto: ameumizwa mwili au akili, amedhalilishwa, ametelekezwa, hana mtu wa kumtunza, au yumo katika hatari ya kupatwa na hayo. La pili ni nafasi ya mzazi au mlezi: ndiye aliyefanya, ameshindwa kuzuia, hataki, au hawezi. Faili lenye jambo moja tu halijakamilika. Mtoto wa miaka 11 ameanguka kwenye mkarafuu wakati wa mavuno huko Pemba, mkono umevunjika. Madhara yapo, hayana ubishi. Lakini je, nani alimtuma kupanda, na ilikuwa siku ya skuli? Alipelekwa hospitali siku ile ile au alifungwa kitambaa akaachwa siku 3? Ni mara ya kwanza? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha ajali na kesi ya hifadhi.

Neno "hatari" nalo lina kazi yake. Sheria haimtaki afisa wa ustawi wa jamii asubiri mpaka mtoto aumie. Ila hatari haithibitiki kwa wasiwasi, inathibitika kwa mambo yanayoonekana: mtu mzima aliyetuhumiwa kumdhalilisha mtoto bado analala nyumba ile ile, nyumba ina chumba kimoja cha kulala, mama anasema hana uwezo wa kumtoa, na mtoto amekwisha kumwambia mwalimu kwamba anaogopa usiku. Hapo hakimu anaiona hatari. Afisa akiandika tu kuwa "mazingira si salama", hakimu haoni kitu.

Linaloharibu kesi nyingi za aina hii, na kuumiza familia zisizo na hatia, ni kuuchanganya umasikini na kutelekeza. Kula mlo mmoja, kulala kwenye mkeka, kuvaa sare iliyochakaa: hayo peke yake hayamfanyi mzazi kuwa mbaya. Kipimo kinachosaidia ni kuuliza mzazi alipewa msaada gani na aliutumia vipi. Kama mama alielekezwa kituo cha afya kwa mtoto mwenye utapiamlo akaenda kila alipoitwa, huyo anahitaji kusaidiwa, na mahkamani hana kesi ya kujibu. Kama aliitwa mara 4 hakwenda, na hakuna aliyemzuia, picha inabadilika. Mwanasheria anayepokea faili bila kuona ndani yake msaada uliotolewa kabla ya kufikia ombi la kumtoa mtoto, alirudishe kwa afisa. Hakimu atauliza swali hilo hilo.

Tatizo jingine ni mlango wa kuingilia. Zanzibar familia moja inaweza kuwa na kesi katika milango mitatu kwa wakati mmoja. Wazazi Waislamu walioachana wakigombania nani alee mtoto na nani atoe pesa za matunzo, huo ni mlango wa Mahkama ya Kadhi, ambayo sasa inaongozwa na Sheria Nam. 9 ya 2017. Aliyemtendea mtoto kosa la jinai anashitakiwa na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Na usalama wa mtoto mwenyewe, yaani alale wapi usiku wa leo na nani amsimamie, ni wa Mahkama ya Watoto. Mama anayekuja ofisi ya ustawi kulalamika kuwa baba hatoi matumizi hajaleta kesi ya hifadhi, amelenga mlango wa Kadhi bila kujua, na apelekwe huko siku hiyo hiyo. Lakini akitaja kwamba mtoto hurudi kwa baba na alama za kupigwa, milango imekuwa miwili, na wa pili haumsubiri wa kwanza.

Kuna jambo hapa ambalo wazazi wengi, hata baadhi ya maafisa, hawalifahamu vizuri. Kesi ya jinai inahitaji kuthibitishwa pasi na shaka yoyote ya msingi. Kesi ya hifadhi ni ya madai, na kipimo chake ni uzito wa ushahidi: lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa limetokea. Kwa hiyo mtuhumiwa kuachiwa huru katika jinai hakumaanishi kwamba mtoto arudishwe nyumbani kesho yake asubuhi. Kesi ya hifadhi inaweza kusimama kwa miguu yake. Kinyume chake pia ni kweli: kumfunga baba hakumalizi shida ya mtoto ambaye sasa nyumbani hamna wa kumlisha.

Sasa mwanasheria mwenyewe. Anamwakilisha nani? Si mtoto, ingawa kila mtu chumbani anadhani hivyo. Anaiwakilisha serikali, yaani Mkurugenzi wa Ustawi wa Jamii aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, ambaye maafisa wake wa wilaya ndio wanaofungua faili. Hata afisa si mteja wake binafsi. Tofauti hii inaonekana siku ambayo mtoto wa miaka 13 anasema wazi kuwa anataka kurudi kwa mama yake na afisa anapinga. Mwanasheria hawezi kuyaficha maneno ya mtoto kwa sababu yanaidhoofisha hoja ya ofisi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kusikilizwa kwa kadiri ya umri na upevu wake. Hakimu ayapate maneno hayo yote, kisha ofisi ieleze kwa nini bado inaomba inachoomba. Na pale maslahi yanapogongana waziwazi, mtoto na hata mzazi watafutiwe mtu wao wa kuwasemea. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Nam. 13 ya 2018, iliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo wasiomudu kulipa wakili.

Kwa mwanasheria wa halmashauri au manispaa, sehemu kubwa ya kazi ni leseni, ushuru na viwanja, na faili la mtoto humjia ghafla: watoto wanaolala sokoni, au mtoto aliyekutwa peke yake katika operesheni ya usafi. Asilimalize mwenyewe kwa sheria ndogo za usafi. Amjulishe afisa ustawi wa wilaya, aandike saa aliyomjulisha, na ahakikishe mtoto hachanganywi na watu wazima waliokamatwa.

Faili zuri huanza na umri, kwa sababu bila umri hakuna mamlaka. Cheti cha kuzaliwa kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ndicho cha kwanza. Kikikosekana, kadi ya kliniki, daftari la skuli, au kiapo cha mtu aliyekuwapo wakati wa uzazi. Barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia, inasaidia kuonesha makaazi, lakini haithibitishi kwamba mtoto alipigwa: sheha ameandika alichoambiwa. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, ijazwe na daktari kwa maandishi yanayosomeka, na jina la daktari lijulikane, maana huenda akahitajika kuja kueleza. Mratibu wa wanawake na watoto wa shehia mara nyingi ndiye wa kwanza kuambiwa. Achukuliwe maelezo mapema, kabla kumbukumbu haijachakaa.

Kisha hati ya kiapo ya afisa. Hapa ndipo kesi zinaposhinda au kuanguka, na inafaa kukaa hapo muda mrefu kuliko popote. Kila aya ibebe jambo moja, na kila jambo liwe na tarehe, mahali, na aliyeliona. Sentensi kama "mama hawajali watoto wake" ni maoni, na wakili wa upande wa pili ataibomoa kwa swali moja. Afisa aandike alivyoona: alifika saa 3:00 asubuhi, mlango ulikuwa wazi, mtoto wa miaka 4 alikuwa peke yake na mdogo wake wa miezi 10, mdogo alikuwa na homa, mama alirudi saa 7:30 mchana. Maneno ya jirani yaandikwe kuwa ni ya jirani. Bora zaidi, jirani aape mwenyewe. Na yale yanayomtetea mzazi yaandikwe pia: nyumba ilikuwa safi, chanjo zilikamilika. Hakimu akigundua mwenyewe jambo zuri ambalo afisa alilificha, hataiamini sehemu nyingine ya kiapo.

Hata hivyo, ushahidi mzuri unaweza kuyeyuka kwa muhali. Neno hili hapa visiwani halihitaji maelezo: jirani aliona, shangazi alisikia, mwalimu alihisi, lakini mtuhumiwa ni mtoto wa ami, au ndiye aliyesimamia harusi ya dada, na kusimama mahkamani kumtaja ni kuvunja udugu. Familia inakaa, inasuluhishana, na siku ya kesi mashahidi wanasema hawakumbuki. Suluhu ya wakubwa inaweza kumaliza ugomvi wa wakubwa. Haimwondolei mtoto hatari, na ofisi isiichukulie kuwa sababu ya kufunga faili. Dawa yake si vitisho. Ni kuchukua maelezo siku za mwanzo kabla kikao cha familia hakijakaa, na kutegemea zaidi mashahidi wasio na udugu: daktari, mwalimu, askari wa dawati la jinsia na watoto, mhudumu wa kituo cha mkono kwa mkono, yaani kituo kinachowahudumia waathirika wa udhalilishaji.

Mtoto akitolewa nyumbani kwa dharura, saa zinahesabika. Mwanasheria azihesabu kuanzia mtoto alipochukuliwa, si kuanzia faili lilipofika mezani, na siku ya mapumziko isiwe udhuru. Nafasi ya kwanza ya kutazamwa ni jamaa: bibi, khalati, ami mwenye nyumba tulivu. Jamaa naye akaguliwe, maana asiye na ubavu wa kumzuia mtuhumiwa kuingia ndani si hifadhi. Nyumba ya kulelea watoto, kama ile ya Mazizini, iwe ya mwisho. Kafala pia ni njia inayokubalika: Mkataba wa 1989 umeitaja kwa jina katika kifungu cha 20, na kwa Waislamu inampa mtoto malezi kamili bila kumbadilishia nasaba.

Umbali nao uingizwe katika hesabu. Mtoto wa Micheweni, Pemba, akipelekwa Unguja, mama yake anahitaji nauli ya boti na mahali pa kulala kila anapotaka kumuona. Miezi 6 baadaye inaandikwa kwamba "mama hakuwahi kumtembelea mtoto". Hiyo si haki, na ni ushahidi uliotengenezwa na ofisi yenyewe. Mpango wa kutembeleana, pamoja na nani atalipa nauli, uandikwe ndani ya amri tangu mwanzo.

Amri ikishatoka, iwe ya kumweka mtoto kwa mlezi mwingine au ya kumwacha nyumbani chini ya uangalizi, lazima iseme mzazi afanye nini, kwa tarehe ipi, na nani atakagua. "Mzazi abadilike" haikaguliki, lakini "mtoto ahudhurie kliniki kila mwezi na kadi ioneshwe kwa afisa" inakaguliwa. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa, na aambiwe hivyo kwa lugha anayoifahamu, si kwa kukabidhiwa karatasi tu. Nakala ziende kwa wale wanaohitaji kuitekeleza, na kila mmoja apewe kile anachokihitaji peke yake: mwalimu mkuu ajue nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto skuli zinapofungwa, hana haja ya kujua kilichompata.