Kupotea na Kupotelewa: Nani Ameachwa na Nini?

Katika kazi yangu ya kuhariri kamusi, kitenzi kinachonirudisha mezani mara kwa mara ni "potea". Wengi hukieleza kwa mkato kuwa ni kutojua njia, ilhali maana yake ya msingi ni kutoonekana. Sarafu iliyoanguka nyuma ya kabati imepotea, ingawa iko palepale ilipodondokea. Anayeikosa ni mwenyewe. Ndiyo maana rafiki aliyeadimika kwa miezi kadhaa hulakiwa kwa "umepotea sana!", hata kama muda wote huo alikuwa nyumbani kwake. Basi mtu anayesema "nimepotea" kwa kumaanisha hali ya moyo anajitafuta mwenyewe na hajioni. Kiambishi "-me-" nacho kina uzito wake: anayesema "ninapotea" angali njiani, lakini aliyesema "nimepotea" ameshaingia katika hali hiyo na bado yumo.

Hata hivyo, neno linaloibeba hisia hii kwa ukamilifu zaidi, kwa maoni yangu, ni "potelewa". Litazame kwa karibu: "potea" likitiwa kauli ya kutendea huwa "potelea", konsonanti "l" ikijitokeza, kisha kauli ya kutendwa hulifanya "potelewa". Kwa mkondo huohuo "fa" limezaa "fia" na "fiwa", na "isha" likazaa "ishia" na "ishiwa". Katika maneno haya ya kutendwa, kiima si kile kilichoondoka, bali ni yule aliyeachwa: aliyefiwa yu hai, aliyeishiwa na fedha yupo, na aliyepotelewa na njia amesimama palepale, ila njia ndiyo iliyomtoka. "Changanyikiwa" ni la ukoo huo pia, kwani yaliyochanganyika ni mambo, naye yamemfika. Nayathamini sana maneno haya kwa sababu hayamlaumu anayeteseka, tofauti na "potoka", ambalo limekwisha kutoa hukumu kabla mtu hajajieleza.

Kwa hiyo ninapokutana na "ninajisikia kupotea" katika mswada, huwa naifuta. Kitenzi-jina kilichoachwa hivyo hakisemi ni nani aliyepotea wala kama hali yenyewe imeshatimia. "Najihisi nimepotea" inatosha. Na kwa anayejua kilichomtoka, kiwe ni neno katikati ya mazungumzo au mwelekeo wa maisha yake, "nimepotelewa" humpa nafasi ya kukitaja.