Hapana, Google Hawajakuibia Riwaya

Wiki iliyopita kijana wa Kiborloni aliniletea mswada wa riwaya kwenye madaftari matatu, moja limemwagikiwa chai. Nikamuuliza kwa nini hakuandika kwenye Google Docs, programu ya Google ya kuandikia hati, na simu anayo mkononi. "Dada mhariri, huko si wanaiba? Ukishaandika tu inakuwa mali yao." Nikameza mate kwanza. Nahariri miswada hapa Moshi, na maneno hayo nimeyasikia mara nne mwezi huu.

Masharti ya Google yenyewe yanasema kazi unayoiweka kwao inabaki yako. Unachowapa ni ruhusa ya kuitunza na kuitumia katika kuendesha huduma zao. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo inailinda kazi tangu inapoandikwa, iwe kwenye daftari au kwenye simu. Ulinzi hauanzii COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kusajili kule kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Kisicholindwa ni wazo tupu. Msichana wa Kibosho aliyetoroka ndoa ni wazo, hata mimi naweza kuliandikia kesho. Sentensi zako ndizo zako.

Tena Docs inatunza historia ya mabadiliko, kwa tarehe na saa. Ukiifungua kwenye kompyuta unaiona sura ya tatu ilivyokuwa kabla hujaiharibu, na unairudisha. Daftari lenye chai litakurudishia nini?

Miswada ninayoiona ikipotea haichukuliwi na Google. Mtu anafungua hati yake kwa yeyote mwenye linki, tena kwa ruhusa ya kuhariri, halafu anaitupa linki kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Kesho yake nusu ya sura haipo, na shemeji anaapa hakugusa kitu. Hati ikizaliwa huwa imefungwa, unaiona wewe tu. Aliyeifungua ni wewe. Msomaji mpe ruhusa ya kutoa maoni, inamtosha.

Wengine wananunua simu mpya, muuzaji anawafungulia Gmail mpya hapohapo dukani, kisha wanakuja kwangu na kilio kwamba Google wamefuta kitabu. Hakijafutwa. Kiko kwenye akaunti ya zamani ambayo nywila yake hakuna anayeikumbuka, na akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Andika anwani na nywila kwenye karatasi, weka kabatini na vyeti vya watoto. Usinipigie saa nne usiku.

Yapo na maneno mengine ninayoletewa. "Bila bando huwezi kuandika." Unaweza. Ukiwa bado na mtandao, ruhusu hati ipatikane nje ya mtandao. Utaandika ndani ya daladala mpaka Himo, na ukipata intaneti mabadiliko yatajihifadhi yenyewe.

"Mistari myekundu chini ya maneno inaonyesha Kiswahili changu kibovu." Programu inadhani unaandika Kiingereza. Badili lugha ya hati, au ipuuze.

"Programu itanipangia hadithi." Haikupangii. Nina mteja mwenye vijikaratasi zaidi ya sitini kwenye Google Keep, programu ya vidokezo vifupi, vya njano, vya bluu, mhusika na rangi yake, na sura hana hata moja. Keep ni ya lile wazo linalokujia ukiwa kwenye foleni ya benki. Kitabu kinataka hati moja, nasema moja, kila jina la sura ukilipa mtindo wa kichwa (Heading). Ukifanya hivyo majina ya sura yanajipanga kwenye muhtasari, yaani orodha ya sura, unaruka kutoka sura ya 2 hadi ya 19 kwa kugusa mara moja. Anayefungua hati mpya kwa kila sura ananiletea "sura5 mwisho", "sura5 mwisho kabisa" na "sura5 HII NDIYO", na yeye mwenyewe hajui ipi ndiyo.

Yule kijana wa Kiborloni ameanza kuhamisha madaftari yake, daftari la kwanza amelimaliza. Juzi usiku akanitumia linki. Nikaifungua: yeyote mwenye linki, ruhusa ya kuhariri.