Huyu Aliota Nini? Jinamizi Katika Historia ya Sanaa

Kila ninapowaonyesha wageni wa makumbusho nakala ya picha ya Henry Fuseli, huwa nanyamaza kwanza. Sitaji jina la picha wala mwaka. Mwanamke mwenye gauni jeupe amelala chali, kichwa na mikono vimening'inia nje ya kitanda. Juu ya kifua chake kimechuchumaa kijitu cha rangi ya udongo, kidevu kimeegemea kiganjani, na hakimtazami huyo mwanamke. Kinatutazama sisi. Nyuma, kati ya mapazia mekundu, farasi amechomoza kichwa, macho meupe yasiyo na mboni, kama mayai yaliyomenywa. Haipiti muda kabla mtu hajasema kutoka nyuma: "Huyo kakabwa na jinamizi."

Amepatia, na hakuhitaji maelezo yangu. Swali linalofuata karibu kila mara ni hili: "Sasa huyu mchoraji aliota nini?"

Nalipenda swali hilo, ingawa ndani yake kuna dhana ninayotaka kuipunguza makali: kwamba picha za kutisha huchorwa na watu waliosumbuliwa usiku, wakaamka na kumwaga walichokiona. Historia ya sanaa inatuambia karibu kinyume chake.

Tuanze na Fuseli mwenyewe. Alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1741, akasomea uchungaji na kuwekewa mikono akiwa na miaka 20. Yeye na rafiki yake Lavater walimfichua kiongozi mmoja mla rushwa, ikabidi Fuseli auhame mji. Akaishia London, halafu akakaa Roma miaka minane akiisoma miili mikubwa iliyopindwapindwa aliyoichora Michelangelo, bingwa wa zamani wa Italia. Picha ya jinamizi aliimaliza mwaka 1781 na ikaonyeshwa mwaka uliofuata katika Royal Academy, chuo cha sanaa mjini London. Si kubwa sana, ina upana wa sentimita 127 na kimo cha mita moja hivi, na leo iko katika makumbusho ya sanaa ya Detroit, Marekani. Watu walipigwa na butwaa. Uvumi ukaenea kwamba jamaa alikuwa akila nyama mbichi ya nguruwe kabla ya kulala ili aote vizuri.

Ukiitazama kwa makini lakini, unamwona mtu aliyekuwa macho makavu. Chumbani hakuna taa inayoonekana, ila mwanamke anang'aa kama aliyewekwa jukwaani. Mkono unaoning'inia ni mrefu kupita kawaida, na umerefushwa kwa makusudi ili jicho liteleze nao hadi sakafuni. Hata mlalo wenyewe una sababu. Mwaka 1753 daktari John Bond alichapisha kitabu kizima kuhusu jinamizi, kwa kuwa yeye mwenyewe lilimsumbua, na alieleza kuwa huwapata zaidi wanaolala chali. Fuseli akamlaza mwanamke wake chali.

Farasi naye ameletwa na neno. Katika lugha ya Kiingereza "nightmare" masikioni ni kama "farasi jike wa usiku". Kwa asili sivyo. Hiyo "mare" ya mwishoni ni pepo wa hadithi za kale za Ulaya ya kaskazini, anayemkalia mtu kifuani akiwa amelala. Fuseli, msomi wa lugha kadhaa, akaviweka vyote viwili, kijitu kwa maana ya kale na farasi kwa sikio la Mwingereza. Mtu anayeota hana nafasi ya kucheza na maneno kiasi hicho.

Hapa nichepuke kidogo, maana ndipo utamu ulipo. Mfaransa huliita jinamizi "cauchemar", neno lenye kitenzi cha zamani cha kukanyaga na kugandamiza. Mhispania husema "pesadilla", kutoka "pesada", yaani nzito. Sisi tunasema mtu kakabwa, kalemewa, kalaliwa na jinamizi. Watu ambao mababu zao hawakuwahi kukutana wametaja jambo lilelile moja, uzito kifuani. Haiwezekani wote walinakiliana. Ni mwili wa binadamu ndio mmoja.

Wataalamu wa usingizi wanaeleza hivi. Katika ile hatua ya usingizi ambayo ndoto huwa nyingi na macho huchezacheza chini ya kope, ubongo huilegeza misuli ya mwili, kasoro ya macho na ile ya kupumulia iliyo chini ya mapafu. Ni kinga, la sivyo tungepigana na tunaowaota. Wakati mwingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Unaona chumba chako, unasikia jogoo wa jirani, lakini kidole hakiinuki na sauti haitoki. Ukijaribu kuvuta pumzi ndefu, kifua hakitii, nawe unahisi kuna kitu kimekikalia. Mabaki ya ndoto yanachanganyika na chumba halisi, na ubongo, ambao haupendi tukio lisilo na mwenyewe, unakuwekea mtu pembeni ya kitanda. Hali hiyo hudumu sekunde chache au dakika chache, haiui, na takriban watu 8 katika kila 100 huipata angalau mara moja maishani. Uchovu na kukosa usingizi huichochea. Bond hakukosea kuhusu kulala chali, ingawa sababu alizozitoa zilikuwa za zama zake.

Nasema haya si kwa kumkejeli anayeamini kuwa alitembelewa. Mwaka 1995 Unguja na Pemba ziliposhikwa na hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku, watu walilala nje kwa makundi, wakikesha pamoja. Watafiti waliofuatilia baadaye walihusisha simulizi nyingi na hali hiyohiyo ya kuamka huku mwili umefungwa. Na tazama jina lenyewe: popo, bawa. Ni picha iliyochorwa kwa silabi nne. Hofu isiyo na sura haisimuliki, lazima ipewe masikio au bawa ndipo mtu aweze kumwambia mwenzake.

Popo hao wananipeleka kwa Francisco Goya, mchoraji wa Hispania, ambaye kwangu ndiye bingwa wa giza. Mwaka 1799 alitoa mjini Madrid mkusanyo wa michoro 80 iliyochapwa, Los Caprichos. Mchoro wa 43 ndio unaojulikana zaidi. Mwanamume ameinamia meza, uso kaufukia mikononi, kalamu zimetelekezwa. Nyuma yake popo na bundi wanafurika kutoka gizani, na bundi mmoja anamsogezea kalamu kana kwamba anamwambia "haya, endelea". Chini kulia amelala mnyama wa jamii ya paka, macho kodo. Kwenye ubavu wa meza kumeandikwa maneno ya Kihispania ambayo kwa kawaida hutafsiriwa "usingizi wa akili huzaa mazimwi".

Kwa kawaida, nasema, kwa sababu "sueño" ya Kihispania ni usingizi na pia ni ndoto. Ukisoma "usingizi", Goya anaonya kuwa akili ikilala, ushirikina na ujinga hushika nchi. Ukisoma "ndoto", akili yenyewe, inapoota, ndiyo inayozaa mazimwi. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua moja. Mimi nachagua usingizi, kwa ushahidi wa mchoro wa awali wa mwaka 1797, ambako Goya alieleza kwa mkono wake kwamba nia ya mwandishi anayeota ni kufukuza imani potofu zenye madhara. Ila sitagombana na anayechagua ndoto.

Sasa tazama giza lile lilivyotengenezwa. Goya alichukua bamba la shaba lisilozidi sana ukubwa wa daftari la shule. Akalinyunyizia unga laini wa ulimbo, akalipasha moto kwa chini hadi chembe zikagandamana na shaba. Sehemu anazotaka zibaki nyeupe akazipaka vanishi. Halafu bamba likaingia kwenye tindikali, nayo ikala shaba katika vijinafasi kati ya chembe na kuacha vishimo vidogo mno. Wino hukaa humo. Ukiliacha bamba kwa muda mfupi unapata kijivu, ukiliacha zaidi unapata usiku. Weusi wa Goya, kwa hiyo, ni hesabu ya dakika. Kuna jingine: kitu kinachochapwa hutoka kimegeuzwa, kama kwenye kioo. Yale maneno ya ubavuni mwa meza aliyachora kinyumenyume, herufi kwa herufi, ili sisi tuyasome sawasawa. Jaribu kuandika jina lako hivyo, halafu uniambie kama ni kazi ya mtu aliyepagawa.

Biashara haikwenda. Tangazo lilitoka gazetini tarehe 6 Februari 1799, bei reale 320 kwa mkusanyo, na duka lilikuwa la manukato na vileo, lililokuwa kwenye mtaa uitwao Desengaño, neno la kuzinduka baada ya kudanganyika. Ilinunuliwa mikusanyo 27 tu. Mwaka 1803 Goya alimkabidhi mfalme mabamba yote na mikusanyo 240 iliyobaki, na kwa upande wake akaomba posho ya mwanawe. Fuseli naye, inasimuliwa na mwandishi wa maisha yake, alilipwa guinea 20, yaani pauni 21, ilhali mchapishaji wa nakala za jinamizi lake alijipatia zaidi ya pauni 500. Hilo nalo ni jinamizi, na wasanii wetu wa Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam, wanalijua vizuri.

Nimewataja Mwenge kwa sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Dar es Salaam, mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa alianza kuchonga viumbe wasio watu wala wanyama: jicho moja hapa, tumbo limegeuka mdomo, mguu unaingia mgongoni. Mtindo huo ukaitwa shetani, na ukawashika wachongaji wengi waliovuka mto Ruvuma kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji. Hapa pia wageni huuliza iwapo waliota. Simama karibu na mchongaji anayelianza gogo la mpingo. Ganda la nje la mti ni jeupe kimanjano, kiini ni cheusi, na gogo lenyewe mara nyingi limepinda, lina nundu na mashimo. Analizungusha, analipapasa, anagonga kidogo kwa tezo, anazungusha tena. Palipooza patakuwa kinywa wazi. Nundu itakuwa goti. Anafuata mti unavyotaka, na nundu aliyokerwa nayo asubuhi jioni ni sura inayokuchungulia.

Shetani hao, hasa wa George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, wanacheka. Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam kama mlinzi, na baadaye akawajaza viumbe wake kwenye mbao na turubai, wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, wakipika, wakisengenyana, wakigombea nafasi, kwa rangi za kung'aa kama za mabasi. Hawa si wa kukukaba. Ni majirani. Nadhani Lilanga aliona jambo ambalo Fuseli hakulijali, kwamba zimwi likikaa muda mrefu mtaani huzoeleka.

Basi hakuna aliyechora ndoto yake kweli? Yuko mmoja, na kazi yake haimtishi mtu yeyote. Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi baada ya Pentekoste, Juni 1525, Albrecht Dürer wa Nuremberg, akiwa na miaka 54, aliota maji mengi yakianguka kutoka mbinguni. Miaka hiyo Ujerumani ilikuwa na hofu tele: wanajimu walikuwa wametabiri gharika kwa mwaka 1524, na mwaka uleule wa ndoto wakulima walikuwa wameasi na kuuawa kwa maelfu. Asubuhi Dürer alichukua karatasi na rangi za maji. Juu alichora nguzo nene ya buluu iliyogusa ardhi na kutawanyika, nyingine nyembamba bado zikiwa hewani, na chini bonde la rangi ya mchanga lenye vijiti vichache. Wageni wangu huipita bila kusimama. Wengine hudhani ni mvua.

Chini ya picha ameandika kwa mkono wake. Anasema maji ya kwanza yalipiga nchi umbali wa maili 4 hivi kutoka kwake, kwa kishindo kikubwa, yakaifunika nchi nzima. Mengine yalitoka juu sana hivi kwamba yalionekana yanashuka polepole. Nikifika hapo huwa napunguza sauti, maana hili la polepole hawezi kulibuni asiyeota. Aliamka mwili wote unatetemeka, ikachukua muda kurudiwa na fahamu zake. Kisha amemalizia kwa kumwomba Mungu ageuze mambo yote yawe heri, na kutia sahihi.

Bibi yangu alikuwa hakuruhusu kusimulia ndoto kabla hajatamka neno lake. Ungesema tu "Bibi, jana nimeota," naye, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele anaoupeta, angejibu: "Kheri, inshallah. Haya, sema."