Dham ni nini? Tuchukue Kedarnath

Neno "dham", la Kisanskriti na Kihindi, maana yake ni makao. Wengi huliandika "hekalu" wakaendelea na safari, lakini hapo nusu ya maana imeshadondoka njiani. Hekalu Wahindu hulijenga popote walipo, iwe Mombasa, Unguja au Nairobi. Dham hawaichagui: kwa imani yao mungu ametangulia kukaa hapo, na binadamu amekuja nyuma yake na mawe ya kujengea.

Kedarnath ni mfano mzuri, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angechagua kujenga pale. Iko Garhwal, katika jimbo la Uttarakhand kaskazini mwa India, takriban mita 3,580 juu ya usawa wa bahari, chini ya vilele vya theluji na karibu na chimbuko la mto Mandakini. Mwenyeji ni mungu Shiva. Ndani hutaona sanamu yake yenye uso na mikono. Utaona jiwe la pembetatu lililochomoza sakafuni, ambalo mahujaji hulipaka samli kwa mikono yao.

Kwa nini pembetatu? Husimuliwa kwamba ndugu watano wa Pandava, mashujaa wa utenzi wa Mahabharata, baada ya kuwaua jamaa zao vitani, walimtafuta Shiva awasamehe. Yeye hakutaka kuwaona. Akajigeuza fahali, akajichanganya na ng'ombe wa malishoni. Bhima, mwenye nguvu kuliko ndugu zake, alipomtambua na kumrukia, fahali akazama ardhini, ikabaki nundu. Nundu hiyo ndiyo jiwe la Kedarnath. Viungo vingine vilichomoza kwingine katika milima hiyo hiyo: mikono Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar, nywele Kalpeshwar. Kwa hiyo anayezunguka mahekalu hayo matano ni kama anapita juu ya mwili mmoja uliolala chini ya Garhwal nzima.

Utasikia pia "Char Dham", yaani dham nne, na hapa watu huchanganyikiwa, maana kuna nne mbili. Zile kubwa zimekaa pande nne za India: Badrinath, Dwarka, Puri na Rameswaram. Kedarnath haimo. Imo katika zile ndogo za Uttarakhand, pamoja na Yamunotri, Gangotri na Badrinath, ambayo imehesabiwa kote kuwili.

Gari hukomea bondeni. Kutoka Gaurikund, kijiji cha huko bondeni, ni mwendo wa kilomita kama 16 za kupanda. Asiyejiweza hupanda farasi au baghala, hubebwa kwa machela, au huketi ndani ya kapu mgongoni mwa mchukuzi. Wenye fedha huruka kwa helikopta. Zamani njia ilikuwa fupi kidogo, ikipitia kijiji cha Rambara. Kijiji hicho hakipo tena. Juni 2013, baada ya mvua kubwa mno, ziwa la Chorabari lililo juu ya hekalu lilipasua kingo zake, na maji, matope na mawe vikaporomoka bondeni. Maelfu ya watu walikufa au kupotea katika Uttarakhand. Hekalu lilisalimika: jabali moja lilibingirika likakwama nyuma yake, likayagawa maji pande mbili. Leo jiwe hilo huitwa Bhim Shila, jiwe la Bhima, na mahujaji huliinamia nalo.

Ila makao haya yana msimu. Siku chache baada ya Diwali, theluji inapokaribia, mlango hufungwa. Sanamu ya fedha yenye nyuso tano, inayomwakilisha Shiva, huwekwa kwenye machela na kuteremshwa kwa miguu, kwa ngoma na nyimbo, ikilala njiani hadi Ukhimath, mji ulio chini zaidi. Huko ndiko ibada huendelea majira yote ya baridi. Tarehe ya kurudi hutangazwa siku ya Maha Shivaratri, sikukuu ya Shiva, na kwa kawaida mlango wa juu hufunguliwa Aprili au Mei. Hivyo Mhindu anayetaka kumzuru mwenyeji wa Kedarnath mwezi wa Januari hapandi mlima; anakwenda Ukhimath.