Zuni na Tamaroa: Tagi Moja, Majina Mawili, Miaka 50 ya Kazi

Tarehe 14 Oktoba 1944, manowari ya Marekani USS Houston ilipigwa topido na ndege ya Japani karibu na Taiwan. Injini zikajaa maji, umeme ukazimika. Siku mbili baadaye ikapigwa tena, na safari hii ilikuwa tayari inavutwa. Iliingiza maji tani 6,300 hivi, karibu nusu ya uzito wake, na bado tarehe 27 mwezi huohuo ilifika Ulithi, kituo cha meli za Marekani katika Pasifiki. Wanaosimulia habari hii huwasifu mabaharia waliozuia maji ndani ya meli, na wanastahili sifa hizo. Mimi nataka kueleza upande wa pili wa waya wa kuvutia, walikokuwa tagi (meli za kuvuta meli nyingine) Pawnee na mwenzake Zuni. Nitamfuata zaidi Zuni, kwa sababu maisha yake yanaonyesha vizuri tagi ya bahari kuu ni chombo cha namna gani.

Zuni iliundwa na Commercial Iron Works ya Portland, Oregon, ikashushwa majini Julai 1943 na kuanza kazi Oktoba mwaka huohuo. Namba yake ilikuwa AT-95, na mwaka 1944 ikawa ATF-95. Urefu ni mita 62.5, upana mita 11.7, kina cha maji chini ya mita 5. Mabaharia 85 hivi. Mbele kulikuwa na mzinga mmoja wa inchi 3 na mizinga midogo ya kutungulia ndege, lakini ukiitazama kutoka tezi (nyuma ya meli) unaona mara moja kazi yake: sitaha ya nyuma ni ndefu, tupu na iko chini, karibu na maji. Hapo ndipo waya unapopita, kwa hiyo hapatakiwi kuwa na kitu cha kuukwaza.

Watu wakisikia nguvu za farasi 3,000 huona ni kidogo. Meli ya abiria ya ukubwa wa kati ina zaidi ya hizo. Siri iko katika namna nguvu hizo zinavyofika kwenye rafadha, yaani pangaboi linalosukuma meli. Zuni ilikuwa na injini nne za dizeli, na hakuna hata moja iliyoshikana na rafadha. Kila moja ilizungusha jenereta, umeme ukaenda kwenye mota, mota zikazungusha rafadha moja kupitia giaboksi. Injini ya dizeli iliyofungwa moja kwa moja kwenye rafadha haiwezi kuzunguka polepole kupita kiwango fulani, itazimika. Mota ya umeme inaweza kuanza kutoka sifuri, mzunguko mmoja mmoja, ikiwa na nguvu kamili ya kusokota. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuunyanyua mzigo na kuukatia kamba. Faida nyingine ni kwamba unaweza kuvuta kwa injini mbili huku fundi akiifungua ya tatu, na umeme unaobaki ukaendesha winchi na pampu.

Kwa rafadha isiyozungukwa na pete ya chuma, kanuni ya kukadiria ni tani 1.1 hivi za mvuto kwa kila nguvu za farasi 100. Kwa Zuni inakuja zaidi kidogo ya tani 30 ikiwa imesimama. Ikiwa peke yake ilikimbia noti 16 (maili 16 za baharini kwa saa). Ikiwa na manowari nyuma, noti 5 au 6 ni mwendo wa kushukuru. Ukinzani wa maji hukua kwa mraba wa mwendo: ukitaka kwenda mara mbili, unahitaji mvuto mara nne, na waya hauna mvuto huo.

Waya wenyewe ni wa chuma, kipenyo inchi 2, urefu karibu futi 2,000, umezungushwa kwenye winchi kubwa. Mgeni hudhani waya mzuri ni ule uliokaza kama uzi wa gitaa. Hapana. Waya wa kuvutia baharini lazima uwe na tumbo, yaani ulegee katikati na kuzama. Wimbi linapoinua meli moja na kushusha nyingine, umbali kati yao unabadilika kwa mita kadhaa. Tumbo ndilo linalomeza mabadiliko hayo: linanyooka kidogo, kisha linarudi. Uzito wa waya unafanya kazi ya springi.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua uzito wa mita moja ya waya majini, zidisha kwa urefu ukiwa mraba, gawanya kwa mara nane ya mvuto. Waya wa inchi 2 una kilo 9.6 hivi kwa mita ukiwa majini. Ukitoa mita 600 na kuvuta kwa tani 15, tumbo linashuka karibu mita 29. Ukiongeza mvuto hadi tani 30, linabaki mita 14 tu. Hapo unaona hatari mbili kwa pamoja. Baharini kwenye mawimbi, ukivuta kwa nguvu mno unaua springi yako, na wimbi moja linakata waya. Karibu na pwani, ukiacha urefu uleule na kupunguza mwendo, waya unagusa chini, unasugua matumbawe, unanasa mwamba. Kwa hiyo kabla ya kuingia maji ya kina kifupi unafupisha waya, na unaufupisha mapema.

Ili kuongeza uzito, mwisho wa waya huungwa kwenye mnyororo wa nanga wa meli inayovutwa. Mnyororo wa inchi 2 una karibu kilo 57 kwa mita, hivyo pingili za mita 27 tu zinaongeza tani moja na nusu. Tena mnyororo unavumilia kusuguana na tundu la omo (mbele ya meli), mahali ambapo waya ungekatika nyuzi usiku mmoja.

Kuunga kamba kwa meli iliyokufa ndiyo kazi ngumu kuliko kuvuta kwenyewe. Meli isiyo na injini kwa kawaida hujilaza ubavu kwa upepo. Tagi inapita mbele ya omo yake, inapiga kamba nyembamba kwa bunduki ya kurushia kamba. Kamba nyembamba inavuta nene kidogo, nene inavuta nene zaidi, mpaka inafika kwenye waya. Tatizo ni kwamba meli iliyokufa haina umeme wa kuzungusha winchi yake, na waya wa inchi 2 hauvutwi kwa mikono. Dawa yake: kamba ya kuvutia inapitishwa kwenye kapi lililofungwa kwenye omo ya meli mbovu, kisha inarudishwa kwenye tagi. Winchi ya tagi inavuta kamba kuja kwake, na waya unapanda upande wa pili. Wale wa meli mbovu kazi yao ni kuupokea na kuufunga kwenye mnyororo.

Baada ya hapo ni subira. Tagi inakwenda mbele kwa mzunguko mdogo kabisa, waya unatolewa taratibu, mwendo unaongezwa nusu noti kwa nusu noti. Usukani wa meli inayovutwa unanyooshwa na kufungwa katikati. Meli nzito ikishaanza kutembea haisimami ukitaka. Ukipunguza mwendo ghafla inakuja juu yako na waya unaanguka chini.

Mwenye tagi huogopa zaidi kuvutwa ubavu. Waya ukitoka nyuma, hata mvuto mkubwa haudhuru. Waya ukihamia ubavuni, mvuto uleule unailaza tagi, na inaweza kupinduka kabla mtu hajafika kwenye breki ya winchi. Ndiyo maana winchi ya kuvutia huwekwa karibu na katikati ya meli, mbele ya usukani na rafadha, ili tezi iwe huru kugeuka. Pembeni mwa tezi kuna vipingo vya chuma vinavyozuia waya usitambae kwenda ubavuni. Na kila zamu waya hutolewa kidogo na kupakwa grisi, ili pasiwe na mahali pamoja panaposuguliwa usiku kucha. Kwenye sitaha ya nyuma asisimame mtu waya ukiwa umebeba mzigo. Ukikatika unarudi haraka kuliko jicho.

Wiki chache baada ya Houston, tarehe 3 Novemba 1944, nyambizi ya Japani I-41 iliipiga manowari ya Marekani Reno mashariki ya mlango-bahari wa San Bernardino, Ufilipino. Zuni ikaifunga na kuivuta mpaka Ulithi. Meli yenye maji ndani inavutwa vibaya kuliko meli nzito tu, kwa sababu maji yasiyojaza chumba yanahama upande kila inapoenda mrama, na omo inaanza kuyumba kushoto na kulia nyuma ya tagi. Kila yumbo ni mkwaruzo na mshtuko kwenye waya. Kwa hiyo tagi hubeba pampu, na hapo pia kuna mtego: pampu iliyowekwa kwenye sitaha hainyonyi maji kutoka chini zaidi ya mita 7 au 8 hivi, hata iwe na nguvu gani. Zaidi ya hapo lazima uishushe pampu yenyewe ngamani, chini kabisa ndani ya meli.

Wasomaji wa Mafia na Rufiji wana mfano wao wa kuvuta mbali. Mwaka 1915 Waingereza walihitaji manowari zenye kina kifupi ili kuifikia meli ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Severn na Mersey, zenye tumbo bapa la kupita mitoni, zilivutwa na tagi kutoka Malta kupitia Suez mpaka Mafia, zikafika Juni, na tarehe 11 Julai Königsberg ikaangamizwa. Chombo cha tumbo bapa hakishiki mstari kinapovutwa, kinakwenda huku na huko. Nawaheshimu sana manahodha wa tagi zile.

Machi 1945 Zuni ilikuwa Iwo Jima, kisiwa cha Japani. Kule kazi ilikuwa kuzinasua meli za kushushia vifaru zilizokwama ufukweni, na katika kazi hiyo yenyewe ikasukumwa nchi kavu, ikaumia. Kunasua ni elimu tofauti. Mvuto wa tani 30 wa rafadha mara nyingi hautoshi, kwa hiyo hutumika nanga za kilo 3,600 zilizotupwa baharini, waya wa inchi moja na sehemu tano za nane, na makapi. Kila seti moja ya nanga, waya na makapi hutoa mvuto wa tani 40 hadi 50. Tagi inayofanya kazi karibu na mawimbi yanayovunjika haina nafasi ya kukosea hata kidogo: kamba ikikatika au ikiingia kwenye rafadha, sekunde chache zinatosha kulala ubavu mchangani.

Vita vilipokwisha, mwaka 1946, Walinzi wa Pwani wa Marekani waliichukua na kuipa jina Tamaroa, nalo ni jina la kabila la wenyeji wa Marekani kama lile la kwanza. Ilibaki Atlantiki: kuvuta, kuokoa, baadaye kulinda uvuvi na kukamata dawa za kulevya. Mwaka 1956 ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyotumwa meli ya abiria Andrea Doria ilipogongana na meli Stockholm. Mwaka 1963 iliumia ikiwa kwenye chelezo kinachoelea, pale baharia mlevi alipofungua vali na chelezo kikazama chini yake. Wakaitengeneza, ikarudi kazini.

Oktoba 1991, katika dhoruba kubwa ya kaskazini mashariki ya Marekani, helikopta ya uokoaji ilishindwa kujaza mafuta angani na ikalazimika kutua majini usiku. Ilikuwa na watu watano. Tamaroa iliwapata wanne; wa tano hakuonekana tena. Boti ndogo haishushwi katika bahari ile, kwa hiyo meli yenyewe iliwasogelea na wavu wa kamba ukateremshwa ubavuni. Hapo sitaha ya chini iliyokusudiwa kwa waya ikawa ngazi ya watu. Meli ya doria yenye ubavu mrefu ingewalazimu kupanda mita nyingi zaidi, mikono ikiwa imekufa ganzi.

Ilistaafu tarehe 1 Februari 1994. Kulikuwa na watu waliotaka kuihifadhi kama makumbusho, lakini mwaka 2012 ilianza kuvuja na mpango ukaisha. Mafuta na uchafu vikaondolewa, na tarehe 10 Mei 2017 ikazamishwa kwa makusudi mbele ya pwani ya Delaware na New Jersey, kwenye kina cha zaidi ya mita 30, karibu na manowari Arthur W. Radford iliyotangulia kuzamishwa hapo mwaka 2011. Wapiga mbizi wanaoishukia leo wanakuta samaki kwenye sitaha ya nyuma.