Dawa ileile, chombo kipya

Bi mkubwa mmoja wa Makunduchi alinionesha video kwenye simu ya mjukuu wake: chembe za dhahabu zinasafiri ndani ya damu, zinaufikia uvimbe, zinaulipua. Binti yake ana saratani ya shingo ya kizazi. Kila Jumapili hupanda boti kwenda Dar es Salaam, akae wiki nzima kwa mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani. "Mwanangu, hii nano si bora tuingoje?" Pale kwenye dirisha la famasi nilimwambia asingoje, lakini foleni ilikuwa ndefu na sababu sikumpa.

Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Chembe nyingi za dawa hizi za nano zina kama 100. Na mara nyingi kinachobebwa ndani ni dawa tuliyonayo siku zote. Doksorubisini, ile dripu nyekundu ya saratani wagonjwa wanayoijua kwa rangi, huweza kudhuru moyo. Ikafungwa ndani ya kifuko cha mafuta, ikaitwa Doxil, Marekani wakaiidhinisha 1995. Moyo ukapata nafuu, ila viganja na nyayo za baadhi ya wagonjwa huwaka na kubabuka.

Kwa nini chombo kidogo hivyo? Ukuta wa mshipa wa damu wenye afya ni wavu wa macho madogo, chembe kama hiyo haiupenyi kwa urahisi. Uvimbe hujijengea mishipa yake kwa pupa, ikabaki na matundu. Chembe hupita hapo, na kwa kuwa uvimbe hauna mifereji mizuri ya kutoa maji, hukaa humo kama samaki aliyeingia dema asione pa kutokea. Matsumura na Maeda wa Japani waliliandika jambo hili 1986, na matumaini mengi yamejengwa juu yake.

Lakini dema hili hunasa kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya majaribio ya miaka kumi kwa wanyama wa maabara: kwa wastani wa kati, asilimia 0.7 tu ya dawa iliyochomwa ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa huzuiliwa njiani, hasa na ini na bandama.

Kampuni ndogo ya BIND, ya Massachusetts, ilianzishwa na wanasayansi wakubwa, Robert Langer na Omid Farokhzad. Chembe zao zilibeba dosetakseli, dawa ya zamani, na kwa nje zilivikwa kitu cha kushika protini fulani ya uvimbe. Waliijaribu hata kwa saratani hii hii ya shingo ya kizazi. Matokeo hayakutosha, na mwaka huo huo wa 2016 kampuni ikafilisika. Pfizer wakanunua mali zake. Iliniuma kusoma habari ile, maana fikra yao ilikuwa nzuri na bado naiamini.

Basi, bi mkubwa, mionzi na dawa ya sisplatini anayopewa binti yako vimeshapimwa kwa wanawake wengi wenye ugonjwa kama wake, na vimewaponya wengi. Kila siku ya mionzi anayoikosa humpunguzia nafasi hiyo. Boti ya Jumapili asiikose.