Watu wa mawe wa Turkana: kaburi kubwa lisilo na mfalme

Ukitoka Lodwar kwenda Kalokol, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kabla hujaliona Ziwa Turkana, utakuta kando ya barabara nguzo za mawe meusi zilizosimikwa ardhini. Zimeinama huku na huku, na nyingi zina vijiwe vidogo juu yake. Mara ya kwanza nilipofika pale nilimkuta mama mmoja akipita na mbuzi wake. Aliokota kijiwe akakiweka juu ya nguzo, kisha akanipa changu. "Weka, mwanangu. Usipite hivi hivi." Akanisimulia: hawa walikuwa watu wakicheza ngoma. Mgeni wa ajabu akajiunga nao, akawakataza kucheka. Kicheko kikawashinda, wakageuka mawe. Ndiyo maana pakaitwa Namoratunga, watu wa mawe.

Nimekuwa mwanaakiolojia kwa miaka mingi, na sijawahi kumwambia mtu kwamba hadithi hiyo ni ya uongo. Waturkana walifika bonde hili katika karne chache zilizopita, wakazikuta nguzo zimeshakuwapo kwa maelfu ya miaka. Waliziona wakajua ni za kuheshimiwa. Na katika maeneo mengine ya nguzo kuzunguka ziwa hili, chini ya mawe kweli kuna watu.

Ninalolijali zaidi ni Lothagam, upande wa kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana. Leo ni mchanga, mawe na jua kali. Lakini miaka 9,000 hivi iliyopita hakukuwa na jangwa hapa. Mvua zilikuwa nyingi, na maji yalisimama juu kwa makumi ya mita kuliko sasa, yakimwagika hadi bonde la Nile. Watu waliishi ufukweni wakivua samaki kwa vyusa vya mfupa. Kisha mvua zikapungua. Kuanzia miaka 5,300 hivi iliyopita ziwa lilishuka kwa kasi, zaidi ya mita 50, na ufuko ukarudi nyuma kilomita kwa kilomita. Mahali alipotega babu, mjukuu alikuta vumbi. Wakati huohuo wakaingia wafugaji wa kwanza wa eneo hili, na ng'ombe, mbuzi na kondoo wao, wakitafuta malisho kwenye nchi iliyokuwa ikibadilika mbele ya macho yao.

Hao ndio waliojenga Lothagam, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita.

Kwanza waliondoa mchanga wa ufuko wa zamani hadi wakafika kwenye mwamba, wakapata shimo la mita za mraba 120 hivi. Kuta za shimo wakazizuia kwa mawe bapa ili mchanga usiporomoke. Kulizunguka shimo likajengwa jukwaa la mviringo lenye kipenyo cha mita 30, likazungushiwa mawe makubwa. Baadaye upande wa mashariki zikasimikwa nguzo za bazalti, mawe ya volkano ambayo lava ikipoa hupasuka yenyewe kuwa vipande virefu vyenye pembe, na mengine ilibidi yabebwe kutoka umbali wa hadi kilomita moja hivi. Hakuna punda aliyebeba, hakuna gurudumu. Ni mabega ya watu.

Ndani ya shimo hilo walizikwa wafu wao, kizazi baada ya kizazi, kwa mamia ya miaka. Timu iliyoongozwa na mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, ilichimba sehemu ndogo tu, na rada ya kupima chini ya ardhi ikasaidia kujua ukubwa wa shimo zima. Makadirio ya chini ni watu 580. Wanaume, wanawake, watoto wachanga, wazee. Wamelala wakiwa wamebanana, na hakuna aliyetengewa chumba chake.

Na karibu kila mmoja alizikwa na mapambo. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya kijani na samawati, pete na bangili za meno ya kiboko. Kichwani mwa mtu mmoja kulikuwa na pambo la meno ya mbele ya panya wadogo wa jangwani: meno 405, kutoka kwa panya wasiopungua 113. Kila ninapolifikiria pambo hilo nasimama kidogo. Kuna mtu aliyewakamata panya wale, kuna aliyewang'oa meno, na kuna aliyeketi akayapanga moja moja.

Hapa ndipo Lothagam inapotubadilishia somo. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba ukiona jengo kubwa la kale, tafuta mfalme, tafuta ghala la nafaka, tafuta watu walioamrishwa. Piramidi ya Khufu kule Misri, ya miaka 4,500 hivi iliyopita, inaendana kabisa na fundisho hilo: maelfu walifanya kazi kwa ajili ya mtu mmoja. Karne hizohizo, kwenye ukingo wa ziwa linalokauka, wafugaji waliotawanyika na mifugo yao walijenga kaburi kubwa ambamo mtoto mchanga alipata shanga kama mzee. Hatuoni kundi lililojilimbikizia mali. Mimi naamini walijenga kwa sababu walihitaji mahali pa kukutana: pa kuzika, kufahamiana, kuozana na kuombana malisho, wakati mto wa jana haukuwa na maji leo.

Umri wa maeneo haya tunaupata kwa radiokaboni. Kiumbe kikifa, kaboni-14 (aina ya kaboni yenye mionzi) iliyomo ndani yake hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi. Mifupa ya jangwani huharibiwa sana na joto, kwa hiyo mkaa na maganda ya mayai ya mbuni hutufaa zaidi. Vipimo hivyo ndivyo vilivyorekebisha hata habari za Kalokol. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo 19 za pale zilielekezwa kwenye nyota za kalenda ya Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, yenye mwaka wa siku 354, na kwamba zilisimikwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Baadaye mwanaakiolojia Soper alipima upya na kuonyesha tatizo: bazalti ina sumaku, nayo huivuta sindano ya dira, hivyo vipimo vya mwelekeo vya awali havikuaminika. Tarehe mpya zikarudisha nguzo hizo nyuma hadi zama za Lothagam. Bado wapo wanaowasimulia wageni habari za nyota, na huniuma, maana habari ya kweli ni kubwa zaidi.

Shimo la Lothagam lilipojaa, halikutelekezwa. Walilifunika kwa mawe mengi, wakalisawazisha juu. Kufikia wakati huo ziwa lilikuwa limetulia na ufugaji umekwisha kuzoeleka kwenye nchi kavu. Wakaweka tabaka la mwisho la mawe, wakaondoka na mifugo yao.